Gego la mwisho: kuliacha, kuling'oa au kulifanyia upasuaji? Ulinganisho kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Gego la mwisho, ambalo wengi huliita jino la hekima, kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati meno mengine yote yamekwisha kushika nafasi zake na sehemu iliyobaki nyuma ya taya mara nyingi ni finyu. Dodoma ni jiji la vyuo, lenye vijana wengi wa umri huohuo, na kwa hiyo si ajabu kwamba swali la kuling'oa au kuliacha husikika kila mahali, kuanzia kwenye mabweni ya wanafunzi hadi kwenye kaunta za maduka ya dawa. Majibu ya mtaani huwa mawili: yupo anayesema ling'oe mapema kabla halijakutesa, na yupo anayesema usiliguse, mdomo utakufa ganzi maisha yako yote. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na kila moja humpotosha anayelifuata kabla ya kujua jino lake limekaaje ndani ya taya.

Njia za kuchagua ni tatu: kuliacha jino na kulifuatilia, kuling'oa kwa kawaida, au kuliondoa kwa upasuaji mdogo. Baada ya hapo hufuata maamuzi mengine madogo, kama vile aina ya ganzi, hospitali ya kwenda, na kama yatolewe magego yote kwa pamoja. Msimamo wangu nautanguliza: yanayopaswa kuamua ni mambo mawili, yaani historia ya jino lenyewe na picha ya eksirei. Anayeanza kwa kuuliza bei mara nyingi huishia kulipa mara mbili, kwanza kwa kazi isiyokamilika na baadaye kwa kuikamilisha.

Kuliacha au kuliondoa

Gego la mwisho lililoota lote, likasimama wima, likakutana vizuri na mwenzake wakati wa kutafuna na likafikiwa na mswaki hadi upande wa nyuma, ni jino kama mengine, na hakuna sababu ya kulitoa. Lipo pia lile lililozikwa kabisa ndani ya mfupa, halionekani, haliumi, na eksirei haionyeshi uharibifu wowote kulizunguka. Hilo nalo linaweza kukaa humo hadi uzeeni bila kumsumbua mwenyewe. Nchini Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2000 kwa ajili ya huduma ya afya ya umma ulielekeza kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasifanyiwe upasuaji kwa tahadhari tu, ilhali Marekani desturi ya kuyaondoa kwa vijana hata yasiposumbua imeenea zaidi. Anayesoma ushauri wa mitandaoni na atambue kwamba anasoma mapokeo mawili yanayopingana, na kwamba hakuna hata moja lililoandikwa kwa kumfikiria mtu wa Chemba au Manyoni, ambaye kidonda kikimletea shida usiku, mtu wa kukitazama yuko mbali.

Jino linalohitaji kufikiriwa kwa makini ni lile la katikati ya hali hizo mbili: limechungulia, nusu nje na nusu chini ya ufizi, hasa kwenye taya la chini. Juu yake hubaki kipande cha ufizi kinachofunika sehemu ya nyuma, na chini ya kipande hicho huingia ganda la punje ya mahindi, nyuzi za nyama, makapi ya karanga na kila kitu ambacho mswaki hauwezi kukifikia. Vijidudu huzaliana humo, ufizi huvimba, kisha gego la juu hukanyaga uvimbe huo kila mtu anapouma, nao huzidi kuvimba. Ndani ya siku moja au mbili mgonjwa hukuta kumeza kunauma upande mmoja hadi sikioni, kinywa kina ladha mbaya ya usaha, na taya limekaza. Kipimo chepesi cha nyumbani ni vidole: mtu mzima mwenye taya lisilo na shida kwa kawaida huweza kupitisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kikipita kimoja tu, misuli ya taya imeguswa na uvimbe, na hapo kumwona daktari kusicheleweshwe.

Uvimbe wa namna hiyo hutulia kwa kusafishwa chini ya ufizi na mtaalamu, kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na dawa ya maumivu. Antibaiotiki kama metronidazo au amoksilini zina kazi pale penye homa, uvimbe unaosambaa au taya lililokaza. Haziondoi chakula kilichonasa, wala hazilisogezi jino kutoka lilipo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mtu huenda duka la dawa, hununua dozi, huiacha katikati maumivu yanapokoma, na baada ya miezi michache hurudi kwenye kaunta ileile kwa vidonge vilevile. Hayo siwezi kuyaita kulifuatilia jino. Kulifuatilia maana yake ni kuonwa na daktari wa kinywa na meno walau mara moja kwa mwaka hata kama huumwi, na kupigwa picha pale daktari anapoona kuna haja.

Mstari wa kuamulia uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Likivimba mara ya kwanza, na uvimbe wenyewe si mkali, kulisafisha na kusubiri ni uamuzi mzuri. Magego mengine humalizia kuota baada ya hapo na yasisumbue tena. Likivimba mara ya pili, panga siku ya kulitoa, na uipange wakati jino limetulia, kwa kuwa ganzi hufanya kazi vibaya zaidi penye usaha na uvimbe. Hata ule mwongozo wa Uingereza, pamoja na ugumu wake wa kuruhusu upasuaji, uliikubali mara ya pili kuwa sababu ya kutosha.

Sababu nyingine ya kuliondoa haina maumivu, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Gego la chini ambalo limelala kwa kuelekea mbele hukaa kama nguzo iliyoegemea ukuta wa jirani: kichwa chake hugusa ubavu wa nyuma wa gego la pili, na kati yao hubaki upenyo unaokusanya chakula. Baada ya miaka kadhaa gego la pili huanza kuoza mahali ambapo mwenye jino haoni na ulimi haufiki, na linapoanza kuuma tundu limekwisha kukaribia mizizi. Hilo gego la pili ndilo linalotafuna. Kulipoteza kwa sababu ya jirani asiye na kazi ni hasara kubwa, na baadhi ya madaktari wa Uingereza wenyewe wameukosoa mwongozo wao kwa hoja hiihii, kwamba watu wamesubiri hadi meno mawili yakaharibika badala ya kutoa moja. Picha ikionyesha jino limelala hivyo na ubavu wa jirani umeanza kutoboka, usingoje maumivu.

Kuna sababu moja inayotajwa sana ambayo haistahili uzito huo, nayo ni kwamba gego la mwisho husukuma meno ya mbele yakapandana. Ushahidi wa jambo hilo ni hafifu. Meno ya mbele ya chini husogea kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu wasio na magego ya mwisho kabisa. Ukiambiwa uyang'oe yote manne kwa sababu hiyo peke yake, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Umri nao una nafasi yake. Kwa kijana wa miaka 20 mfupa bado haujawa mgumu sana na mizizi pengine haijamaliza kurefuka, kwa hiyo kazi huwa nyepesi na kidonda hupona haraka. Kwa mtu wa miaka 40 kazi ileile huwa ngumu zaidi na matatizo ya baadaye huongezeka. Hii si hoja ya kumng'oa kijana jino lisilo na kosa. Ni hoja ya kutoahirisha kwa miaka kumi jino ambalo tayari limekwisha kuonyesha kwamba litasumbua.

Kabla ya kuendelea, kuna hali ambayo haina chaguo ndani yake. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukaonekana kuinuliwa, mate yakashindikana kumezeka, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, huyo ni mgonjwa wa dharura, na hospitali yenye wodi na chumba cha upasuaji ndiyo pa kumpeleka, usiku huohuo, hata kama ni kwa kukodi gari. Maambukizi ya jino yanapofika huko huweza kuziba njia ya hewa.

Kung'oa kwa kawaida na kuondoa kwa upasuaji

Wengi huogopa neno upasuaji wakidhani ndilo lenye maumivu makali zaidi kitini. Wakati wa tendo lenyewe tofauti hiyo si kubwa, kwa sababu ganzi inayotumika mara nyingi ni ileile, lidokeni iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili kupunguza kutoka damu na kuifanya ikae muda mrefu. Kwa gego la chini sindano huchomwa nyuma kabisa ya taya, ndani ya shavu, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo wa chini huhisi kana kwamba umekuwa mnene, na upande mmoja wa ulimi hufa ganzi. Daktari mwangalifu huugusa ufizi kwa ncha kali na kuuliza kabla ya kuanza. Ukihisi kitu kikali mwambie bila aibu, kwa maana sindano ya pili ni jambo la kawaida. Kinachobaki baada ya hapo ni msukumo. Utahisi taya linasukumwa, hata kwa nguvu, na wengi husikia mlio wa kukwaruza ndani ya sikio, lakini maumivu makali hayapaswi kuwepo, na yakiwepo nyanyua mkono.

Katika kung'oa kwa kawaida, daktari hulilegeza jino kwa chombo chembamba kinachoingizwa kati ya mzizi na mfupa, kisha hulishika kwa koleo na kulitikisa polepole hadi tundu lake lipanuke na jino litoke zima. Likiwa limesimama vizuri, hasa la juu, kazi yote huweza kwisha kwa dakika chache. Mgonjwa huuma gozi, yaani kitambaa safi cha kuzuia damu, kwa nusu saa hivi, huelekezwa, na huondoka bila nyuzi.

Katika upasuaji, ufizi huchanwa na kufunuliwa, mfupa unaolizunguka jino hupunguzwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi huku ikimwagiwa maji, na mara nyingi jino hugawanywa vipande viwili au vitatu ili kila kimoja kitoke kwa njia yake bila kuulazimisha mfupa. Kisha tundu huoshwa na ufizi hushonwa. Kwa jino moja muda wake ni kati ya dakika 20 na saa nzima. Linalochosha zaidi, kwa wengi waliopitia, ni kukaa na kinywa wazi muda mrefu, maji yakijaa kooni wakati msaidizi anayafyonza, na mlio wa ile mashine. Anayejua hayo mapema huyavumilia. Anayekutana nayo kwa ghafla hudhani kuna kitu kimeharibika.

Ni lipi la kawaida na lipi la upasuaji? Magego ya juu mengi hutoka kwa kawaida, kwa sababu mfupa wa taya la juu ni laini zaidi. Ya chini yaliyolala, au ambayo mizizi yake imepinda kama inavyoonekana kwenye picha, huhitaji upasuaji. Kosa la gharama kubwa ni kulazimisha njia ya kwanza kwa jino la njia ya pili: kichwa cha jino hukatika, mizizi hubaki ndani, mgonjwa hupewa rufaa akiwa tayari amevimba, na mtu anayeipokea kazi hiyo huianza pabaya. Kwa hiyo, mahali popote utakapoambiwa "tutajaribu", uliza swali moja: mzizi ukikatika, mnavyo vifaa vya kuutoa hapahapa? Jibu likiwa hapana, na jino lenyewe limelala, heri kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji.

Hofu ya mdomo kufa ganzi inahusu magego ya chini, na haikuzuka bila msingi. Ndani ya taya la chini umo mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya gego la mwisho huweza kuugusa au kupita kando yake. Upande wa ulimi kuna mshipa mwingine, wa hisia na ladha. Ikitokea mishipa hiyo ikasumbuliwa, mdomo au ulimi huhisi ganzi au kuchonyota, na kwa wengi hali hiyo hupotea katika wiki au miezi. Ganzi isiyoisha kabisa baada ya kutolewa gego la chini huwapata watu wachache, chini ya mtu 1 katika kila 100. Mishipa hiyo ni ya hisia, kwa hiyo uso haupindi wala mdomo haupoozi, kinyume na maneno ya vijiweni.

Hapa ndipo eksirei inapolipa gharama yake. Ile picha ndefu inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja huonyesha njia ya mshipa kama mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba chini ya mizizi. Mwombe daktari akuonyeshe kwa kidole. Mistari hiyo ikipita mbali na mizizi, hatari ni ndogo. Ikikatika inapofika kwenye mzizi, au mzizi ukiwa na kivuli cheusi mahali inapopita, hatari huongezeka, na daktari anaweza kutaka kipimo cha kina zaidi cha sitiskani. Kwa meno ya aina hiyo kuna njia ya nne: kukata na kuondoa kichwa cha jino tu, na kuiacha mizizi mahali pake bila kuugusa mshipa. Haifai kwa jino lililooza hadi ndani au lenye maambukizi kwenye mizizi, na mara chache mizizi husogea baadaye ikahitaji kutolewa, lakini kwa jino zima lililolalia mshipa ni chaguo la busara la kumuuliza bingwa.

Wiki ya kwanza: njia hizi mbili zinavyoachana

Tofauti kubwa kati ya kung'oa kwa kawaida na upasuaji huonekana nyumbani. Aliyeng'olewa kwa kawaida huumwa kwa siku moja hadi tatu, uvimbe wake ni mdogo, na wengi hurudi darasani au kazini kesho yake. Aliyefanyiwa upasuaji huvimba shavu, na uvimbe huongezeka hadi kufikia kilele siku ya pili au ya tatu kabla ya kuanza kupungua. Kuamka siku ya pili ukiwa umevimba kuliko jana yake si dalili ya kuharibika kwa kitu. Taya hukaza kwa siku kadhaa, na baadhi ya watu huona rangi ya michubuko shavuni. Apange siku tatu hadi tano za mapumziko, na kwa mwanafunzi hiyo ina maana ya kutoiweka kazi hii wiki ya mitihani wala siku chache kabla ya kuripoti kambini Makutupora kwa mafunzo ya JKT.

Maumivu hutulizwa vizuri kwa ibuprofeni na parasetamo zikitumiwa kwa pamoja, kwa vipimo alivyoandika daktari, na dozi ya kwanza imezwe kabla ganzi haijaisha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo, au mjamzito, asitumie ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Parasetamo humfaa zaidi.

Kwa njia zote mbili, saa 24 za mwanzo ni za kulilinda donge la damu lililoziba tundu. Usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe soda kwa mrija, usivute sigara, na ugoro uuweke mbali. Ubuyu wa kumung'unya uusahau wiki nzima, kwa maana kule kufyonza mbegu kunavuta kama mrija. Kesho yake anza kusukutua taratibu, hasa baada ya kula, kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Piga mswaki meno mengine kama kawaida. Kinywa kichafu hakimsaidii mtu.

Donge hilo likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na hapo huja maumivu mapya kati ya siku ya tatu na ya tano, makali kuliko yale ya mwanzo, yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Baada ya kung'oa meno ya kawaida hili huwapata wachache, ila kwa magego ya chini yaliyozikwa hutokea mara nyingi zaidi, na wavutaji wa sigara wako hatarini kuliko wengine. Rudi ulikong'olewa: tundu huoshwa na kuwekwa dawa, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu, na nafuu huja haraka. Kujimiminia mwenyewe mafuta ya karafuu yaliyonunuliwa sokoni si sawa na dawa hiyo, kwani yakiwa makali huunguza nyama laini.

Chakula cha nyumbani kwetu kina nafasi nzuri hapa. Ugali laini wa uwele au mtama kwa mlenda, ukiachwa upoe hadi uvuguvugu, hutelemka bila kutafunwa, na sijui chakula kingine cha Kanda ya Kati kinachomfaa zaidi mtu aliyeshonwa ufizi. Uji, mtindi na viazi vilivyopondwa vinafaa pia. Karanga, mahindi ya kuchoma, nyama choma na zabibu zenye mbegu vingoje.

Ganzi au usingizi, hapa au mbali, moja au manne

Kwa jino moja au mawili, ganzi ya sindano inatosha, hata kwa upasuaji: unakula kabla ya kwenda, unarudi nyumbani baada ya muda mfupi, na gharama ni ndogo. Dawa ya usingizi inahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, kufunga chakula kwa walau saa sita, na mtu wa kukurudisha nyumbani. Ina maana kwa mwenye magego yote manne yaliyozikwa, kwa jino lililo kina sana, au kwa mtu ambaye hofu yake haimruhusu kukaa kitini. Kuchagua usingizi kwa jino moja jepesi ni kujiongezea gharama na hatari bila faida.

Kuhusu mahali, gego lililosimama vizuri linaweza kung'olewa kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye huduma ya kinywa na meno, na kumsafirisha mtu hadi jijini kwa ajili hiyo ni kumchosha bure. Lililolala linahitaji mahali penye eksirei ya taya, mashine ya kupunguzia mfupa na mtu anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara. Kwa Kanda ya Kati, pa kuanzia ni hospitali kubwa za jijini, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu, au kliniki binafsi yenye vifaa. Uliza kwanza daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya anapatikana siku zipi. Muhimbili ibaki kwa jino lililoshindikana au lenye uvimbe ndani ya taya, ingawa tangu treni ya mwendokasi ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 umbali huo haumtishi mtu kama zamani. Kliniki binafsi hukuhudumia mapema zaidi, hospitali ya umma hukutoza kidogo zaidi, na kwa vyote viwili mtoa huduma awe amesajiliwa. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na si utovu wa adabu kuuliza. Mwenye kadi ya NHIF au bima nyingine aulize mapema kama kifurushi chake kinagharamia upasuaji wa jino na picha, au kung'oa kwa kawaida tu, kwa sababu jibu la hapo huweza kubadilisha hesabu yote.

Kama ni magego mawili ya upande mmoja, la juu na la chini, kuyatoa pamoja ni jambo la akili: unapona mara moja na upande wa pili unabaki wa kutafunia. Manne kwa pamoja chini ya ganzi ya sindano siyapendekezi, maana mtu hubaki hana upande wa kutafunia chakula.

Mweleze daktari kabla ya siku yenyewe kama una kisukari, shinikizo la damu, selimundu, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa hizo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Singida apange kulala jijini usiku wa kwanza, kwa kuwa damu ikigoma kukata, mara nyingi hugoma saa zile za mwanzo, na gozi safi iliyokunjwa na kuumwa kwa nusu saa bila kuchungulia ndiyo huduma ya kwanza. Aombe pia kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Zikiwa za aina nyingine, atalazimika kusafiri tena baada ya siku saba hivi kwenda kuzitoa.